Taji Likivuliwa



Wapendwa vijana wenzangu, makala hii nimechelewa kuiandika. Nilianza kuiwaza mwanzoni mwa Kwaresima, nikaiacha, nikairudia, nikaiacha tena. Sababu ni moja tu: inanihusu mimi, na hainipambi. Lakini nimeona afadhali niiandike ilivyo. Labda kuna katibu mwingine mahali fulani anayehitaji kuisoma kabla hajaandika barua kama niliyoandika mimi.

Ilianza na kinanda. Jumapili moja kabla ya Kwaresima, kinanda cha kwaya yetu ya vijana kilinyamaza katikati ya wimbo wa Utukufu. Fundi alikifungua, akatikisa kichwa, akatuambia tusijisumbue, tununue kingine. Basi baada ya Misa ya pili tukakaa kikao. Fedha hatuna, michango imechosha watu. Ndipo kijana mmoja akaleta wazo: tuandae "Miss Parokia". Ukumbi upo, wadhamini anawajua yeye, mabinti watavaa vitenge vya heshima, kiingilio shilingi elfu tano. Usiku mmoja tu, kinanda kimepatikana.

Nusu ya kikao ikashangilia, nusu ikaguna. Mimi ndiye katibu, nikasimama. Jamani, niliongea! Nikasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nikamtaja Mtakatifu Yohane Paulo II na zile katekesi zake za Jumatano kuhusu mwili, za kuanzia 1979 hadi 1984. Nikasema binti wa Kikristo si bidhaa ya kuwekwa mbele ya majaji. Watu wakapiga makofi, nami nikakaa nikijisikia vizuri sana.

Kisha dada mmoja wa sauti ya pili, aliyekaa nyuma kabisa, akauliza bila hata kunyanyuka: "Katibu, mimi nakubaliana na wewe. Ila nauliza tu, yule mwimbishaji wetu tulimwondoa kwa sababu gani?"

Kikao kikawa kimya. Mwenyekiti akakohoa, akasema muda umekwenda. Nikapewa kazi: kikao kijacho nilete mada fupi kuhusu haya mashindano ya urembo, yalianzia wapi na Mkristo ayatazame vipi. Swali la yule dada halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Nakiri, mwandishi wa kumbukumbu ni mimi.

Yalikoanzia

Nilikwenda kusoma habari za Miss World, yaani yale mashindano makubwa ambayo hata Tanzania hupeleka mrembo. Nilikwenda kutafuta silaha, niseme ukweli. Nilitaka nirudi na ushahidi wa kumnyamazisha kila mtu.

Na mwanzoni nilizipata. Mashindano hayo yalianza London mwaka 1951. Uingereza ilikuwa inajiinua kutoka kwenye vita, ikaandaa tamasha kubwa la kitaifa la kuonyesha sanaa, sayansi na viwanda vyake. Mwanamume mmoja aitwaye Eric Morley, aliyefanya kazi katika kampuni ya kumbi za dansi, akabuni kivutio chake cha msimu huo: shindano la wasichana waliovaa bikini, vazi ambalo wakati huo lilikuwa jipya na la kushtua. Jina la Miss World lilitoka kwa waandishi wa magazeti. Mshindi alikuwa Kiki Håkansson kutoka Sweden, na alivishwa taji akiwa amevaa bikini hiyo hiyo.

Kelele zikawa nyingi. Baadhi ya nchi zenye mila za kidini zikatishia kutoleta washiriki tena, na mwaka uliofuata bikini ikaondolewa, yakaja mavazi ya kuogelea ya kusitiri zaidi. Shindano lililokusudiwa kufanyika mara moja likawa la kila mwaka. Mwaka 1959 likaanza kuonyeshwa na televisheni ya BBC, likaingia sebuleni kwa watu. Mke wa Morley, Julia, akaanzisha mwaka 1972 sehemu ya kazi za huduma kwa maskini, akaiita urembo wenye lengo. Lakini vazi la kuogelea liliendelea kuhesabiwa kwa miongo mingi. Mwaka 2013, mashindano yalipofanyika Bali, Indonesia, warembo walivaa saruni baada ya Waislamu wa huko kupinga. Mwishoni mwa 2014 ndipo waandaaji wakatangaza kwamba kipengele cha vazi la kuogelea kimefutwa. Hesabu mwenyewe: ni miaka 63.

Nikaandika hayo yote kwenye daftari langu na kupiga mistari. Nikajisemea, hapo wameisha.

Na kwetu? Miss Tanzania ya kwanza ilifanyika 1967, mshindi akiwa Theresa Shayo. Baada ya hapo serikali ikayapiga marufuku mashindano hayo, yakarudi 1994. Hilo nalo lilinifurahisha, hadi nikasoma kilichokuwa kinaendelea wakati ule ule. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kujichubua. Lengo lilikuwa kulinda utamaduni na heshima yetu. Lakini kwenye mitaa ya Dar es Salaam kuna mabinti waliozingirwa na makundi ya wanaume, wakasumbuliwa na kuchaniwa nguo. Eti kwa ajili ya heshima.

Hapo kalamu yangu ikapunguza mwendo kidogo. Kumbe mtu anaweza kupinga kuonyeshwa kwa mwili wa binti, na wakati huo huo asimwone binti mwenyewe.

Usiku wa unga

Tarehe 20 Novemba 1970 mashindano yalifanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mshereheshaji alikuwa mchekeshaji maarufu wa Marekani, Bob Hope. Alifanya utani wa kuyafananisha mashindano na soko la ng'ombe. Watu wakacheka. Mara wanawake waliokuwa wameketi katikati ya watazamaji, wanaharakati wa haki za wanawake, wakainuka na kurusha mifuko ya unga, vipeperushi na mabomu ya moshi. Bob Hope akakimbia jukwaani. Mamilioni ya watu walikuwa wanatazama kwenye televisheni.

Wanawake wale hawakuwa watu wa dini hasa, lakini hoja yao ilifanana na yangu: mwanadamu hapitishwi mbele ya watu kama ng'ombe mnadani. Nikawashangilia kimoyomoyo.

Ila hadithi haikuishia hapo. Fujo zilipotulizwa shindano liliendelea, na mshindi akatangazwa: Jennifer Hosten kutoka Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi, mwanamke mweusi wa kwanza kuvikwa taji la Miss World. Wa pili alikuwa Pearl Jansen kutoka Afrika Kusini. Wakati huo wa ubaguzi wa rangi, Afrika Kusini ilileta warembo wawili: mzungu aliyeitwa Miss Afrika Kusini, na Pearl, ambaye hakuwa mzungu, akapewa jina lililogeuzwa, Miss Africa South. Hebu fikiria, hata jina la nchi yako unapewa kinyumenyume. Na yeye ndiye aliyeshika nafasi ya pili duniani.

Kwa wasichana hawa wawili, jukwaa lile lile ambalo wengine waliliona kama soko lilikuwa mahali ambapo watu wa rangi yao walionekana kuwa wazuri, mbele ya dunia iliyozoea kuwaambia vingine. Hosten baadaye akawa balozi wa nchi yake Kanada. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wengi wetu hapa Afrika pale Agbani Darego wa Nigeria aliposhinda mwaka 2001, Mwafrika mweusi wa kwanza, na pale Nancy Sumari wetu alipopewa taji la Miss World Afrika mwaka 2005 huko Sanya, China. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka furaha ya nyumbani. Nancy baadaye akaandika kitabu cha watoto na kufanya kazi na watoto. Nani atasema taji lile halikuzaa chochote?

Basi nikajikuta na daftari lenye kurasa mbili zinazobishana. Upande mmoja, soko la ng'ombe. Upande wa pili, binti aliyedharauliwa ambaye hatimaye anatazamwa. Ukweli ni kwamba vyote viwili vilikuwepo usiku ule ule, ukumbi ule ule.

Siku nne

Halafu nikafika mwaka 1974, na hapo ndipo niliposimama.

Novemba 1974 aliyeshinda alikuwa Helen Morgan kutoka Wales, akiwakilisha Uingereza. Siku nne baadaye alijiuzulu. Magazeti yalikuwa yamesambaza habari kwamba ana mtoto mdogo wa kiume na hajaolewa. Taji likapelekwa kwa aliyemfuata, Anneline Kriel wa Afrika Kusini.

Siku nne tu. Yaani wale wale waliokuwa wakimtazama kwa macho yote Ijumaa, wiki iliyofuata hawakuweza kumtazama tena. Mwili haukuwa umebadilika. Kilichojulikana ni kwamba mwili ule ulikuwa umezaa mtu. Baba wa mtoto yeye hakuwa na taji la kuvuliwa.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2018 Veronika Didusenko alivikwa taji la Miss Ukraine, akavuliwa siku chache baadaye kwa sababu ni mama na alikuwa ameachana na mumewe. Mwaka 2019 alikwenda kwa wanasheria kupinga kanuni hiyo ya Miss World. Miaka 45 baada ya Helen, shindano linalojisifu kwa urembo wenye lengo bado halikuwa na nafasi kwa mwenye mtoto.

Kati ya hao wawili kuna mwaka 2002, na huo unauma zaidi. Kwa kuwa Agbani alikuwa ameshinda, mashindano yalipangwa kufanyika Nigeria. Wakati huo huo, kaskazini mwa nchi hiyo, mwanamke wa kijijini aitwaye Amina Lawal alikuwa amehukumiwa kupigwa mawe hadi kufa kwa kuzaa nje ya ndoa. Mwanamume aliyetajwa kuwa baba alikana, akaachiwa. Warembo wa nchi kadhaa walitangaza kwamba hawatakwenda Nigeria wakati mama huyo anasubiri kuuawa. Baadaye makala moja ya gazeti kuhusu mashindano hayo iliwaudhi Waislamu, machafuko yakalipuka Kaduna, watu zaidi ya 200 wakafa, makanisa na misikiti ikachomwa. Mashindano yakahamishiwa London. Amina alifutiwa hukumu na mahakama ya rufaa Septemba 2003, akabaki hai na mwanae.

Nisieleweke vibaya. Sinyooshei kidole dini ya wenzetu. Kidole kilikuwa kinanirudia mimi. Kwa sababu kurasa hizi tatu, ya Helen, ya Amina na ya Veronika, ziliandika jambo ambalo nililijua kabla ya kusoma.

Barua niliyoandika

Miaka miwili iliyopita mwimbishaji wetu alipata mimba. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa na sauti ambayo hata wazee wa Misa ya kwanza walikuwa wanahamia Misa ya pili kuisikiliza. Kamati ikakaa, watu watano, jioni moja. Katiba ya kwaya inasema mwanakwaya awe mfano bora. Tukaamua asimamishwe kwa muda usiojulikana. Nani aandike barua? Katibu. Niliandika mistari sita, nikaweka na neno la Maandiko mwishoni, nikampa mdogo wake ampelekee. Mimi mwenyewe sikwenda.

Na yule kijana? Alikuwa anaimba besi, mstari wa nyuma. Wote tulijua. Kwenye kamati mtu mmoja aliuliza, tukasema hatuna ushahidi. Aliendelea kuimba mwaka mzima. Alipopata kazi mkoa mwingine tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukalishana keki. Picha ninazo kwenye simu.

Sasa niambie, ndugu msomaji: mimi niliyesimama kikaoni kusema binti si bidhaa ya kuwekwa mbele ya majaji, nilikuwa nani jioni ile kama si jaji? Tulimweka mbele nyumba ya Mungu kwa ajili ya sauti yake, na alipokuja kuwa na tumbo tukamwondoa, ili kwaya ipendeze. Tofauti yetu na wale wa London ni kwamba sisi tuliongeza mstari wa Biblia.

Mwanamume yuko wapi?

Nilifungua Injili ya Yohane sura ya 8. Unaikumbuka: wanamleta kwa Yesu mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, wanamsimamisha katikati. Nimeisikia Injili hiyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuliza swali rahisi kabisa. Uzinzi hafanyi mtu mmoja. Sheria yenyewe waliyokuwa wanaitaja, katika Mambo ya Walawi sura ya 20, inawataja wote wawili. Mwanamume yuko wapi?

Halafu angalia wanachofanya na kile anachofanya Yesu. Wao wamemsimamisha katikati, kila jicho liko kwake. Hilo nalo ni jukwaa, na wao ni majaji. Yesu anainama na kuandika chini kwa kidole. Siku zote nilikuwa nauliza aliandika nini. Mwaka huu nilijiuliza jambo jingine: kwa nini aliinama? Sijifanyi mwanateolojia, lakini naona kwamba wakati watu wote wanamkodolea macho mama wa watu akiwa katika aibu yake, Yesu peke yake hamkodolei. Anaangalia chini. Wakubwa kwa wadogo wanaondoka, hakuna jukwaa tena, ndipo anainua uso na kuzungumza naye kama mtu na mtu. Anamwambia hamhukumu. Na anamwambia asitende dhambi tena.

Yote mawili, wapendwa. Sisemi dhambi si dhambi. Kanisa linatufundisha usafi wa moyo, na mimi naamini hivyo kwa dhati, wavulana na wasichana sawasawa. Lakini kumwambia mtu asitende dhambi tena ni neno la anayekaa na wewe hadi wengine wote wameondoka. Sisi tulilisema kwa barua, kupitia mdogo wake.

Hodi

Jumamosi moja nikaenda kwao. Nilizunguka kwenye kona ile mara mbili kabla ya kupiga hodi. Mama yake alitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, Katibu."

Hilo neno Katibu lilinichoma kuliko angenitukana.

Yeye alikuwa uani, kwenye cherehani, mtoto anacheza na vipande vya kitambaa miguuni pake. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ile barua. Akaendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akaniangalia.

"Kaka," akasema, "mimi kitubio nilienda mwezi ule ule, kabla barua yenu haijafika. Padre akaniondolea. Mungu alishamaliza. Nyinyi ndio mlikuwa bado."

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila hasira: "Sikusubiri mnirudishe kwaya. Nilisubiri mtu mmoja aje. Miezi tisa nikiwa na mimba, hakuja hata mmoja. Yule mnayemjua na yeye hakuja."

Nikamuuliza kuhusu mtoto. Kumbe hajabatizwa. Kuna watu walimwambia mtoto wa nje ya ndoa habatizwi mpaka wazazi wafunge ndoa, na yeye akaona aibu kwenda ofisi ya parokia kuuliza, kwa sababu kwenye dawati la pale nje, Jumamosi, huwa nakaa mimi. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa mistari yangu sita. Mtoto hana kosa lolote, na barua yangu ilikuwa imesimama kati yake na maji ya ubatizo.

Nilimpeleka kwa Baba Paroko jioni ile ile. Paroko alishangaa kwamba tuliwahi kuwa na mashaka. Akamwambia, "Mwanangu, mlete mtoto. Nani alikwambia hawezi?" Mtoto alibatizwa baada ya Pasaka. Mama yake mkubwa ndiye mama wa ubatizo. Mimi nilisimama nyuma, nikashika mwavuli wa bibi.

Tulichoamua

Kikao kikakaa. Nilisoma mada yangu, kisha nikafungua faili na kusoma nakala ya ile barua mbele ya wote. Nikaomba ifutwe.

Si wote waliokubali. Mlezi wetu mmoja, mama ninayemheshimu sana, aliuliza: "Mkilegeza hivi, mabinti wadogo watajifunza nini?" Ni swali la haki. Nilimjibu hivi, na bado naamini jibu hili: mabinti wadogo walishajifunza. Walijifunza kwamba ukianguka, binti utaachwa na kijana atakatiwa keki. Walijifunza kuficha. Kuna jambo baya zaidi wangeweza kujifunza binti akijikuta na mimba na anaogopa kanisa lake kuliko anavyoogopa kumtoa mtoto. Sisi tunaohubiri uhai, hatuna budi kufikiria hilo kwanza.

Tukaandika upya kipengele cha katiba. Sasa kinawahusu mvulana na msichana kwa usawa. Kama mtu anapumzishwa, kuna tarehe ya kurudi, na kuna mtu anayetajwa kwa jina wa kumtembelea. Barua haipelekwi na mdogo mtu.

Na Miss Parokia? Hatukuifanya. Sababu zangu za kwanza bado zipo, lakini sasa nina nyingine iliyo juu yake. Kosa si kwamba watu wataona uzuri wa mabinti zetu. Uzuri ni kazi ya Mungu. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinatuonyesha Yese akiwapitisha wanawe saba mbele ya nabii, mmoja mmoja, kama shindano kabisa, na Mungu anamwambia nabii kwamba Yeye haangalii kama mwanadamu aangaliavyo. Anapoletwa Daudi kutoka machungani, Maandiko hayaoni haya kutuambia kwamba alikuwa kijana mzuri wa sura. Mungu hakuuchukia uzuri wake. Hakumpimia kwa huo, basi.

Kosa liko kwenye kumpa binti alama, halafu kumpa heshima inayolingana na alama. Heshima ya namna hiyo inaweza kurudishwa nyuma ndani ya siku nne. Ile tuliyopewa kwa kuumbwa kwa mfano wa Mungu, na ile ya mafuta ya krisma tuliyopakwa kichwani siku ya ubatizo, haikutolewa na kamati. Kwa hiyo hakuna kamati inayoweza kuiondoa.

Kwa binti unayesoma hapa na unaota kupanda jukwaa hilo, mimi si wa kukurushia unga. Nakuomba usome kitabu cha Esta. Vashti alikataa kuonyeshwa mbele ya wageni wa mfalme waliolewa, akapoteza taji. Esta alivikwa taji baada ya miezi 12 ya mafuta na manukato, kisha akalihatarisha ili kuokoa watu wake. Mmoja aliliacha, mwingine alilitumia. Wote wawili walijua kwamba wao si taji. Wale warembo wa 2002 waliokataa kwenda kwa ajili ya Amina walijua pia. Ukijua hilo, nenda na dhamiri yako, na uongee na wazazi na mlezi wako wa kiroho. Usipolijua, subiri kwanza.

Kuhusu kinanda, tulifanya mnada wa mazao baada ya Misa: ndizi, mayai, mbuzi mmoja, na jogoo aliyenunuliwa mara tatu na kurudishwa kwenye mnada mara mbili. Mzee mmoja akasema, "Kuku ndiye apigwe mnada, binti hapana," watu wakacheka. Tumepata zaidi ya nusu. Bado tunadaiwa.

Mwimbishaji wetu hajarudi kwaya. Tulimwandikia, na safari hii tulikwenda wenyewe, watu wanne. Alisema atafikiria. Jumapili anakaa benchi la nyuma na mtoto wake. Wakati wa Komunyo, tukiimba, namsikia akiitikia sauti ya kwanza kutoka huko huko nyuma. Simgeukii kumtazama. Namwacha aimbe.

Ya kutafakari wiki hii

Je, kuna mtu katika kwaya, jumuiya au familia yako ambaye alianguka, na tangu hapo hakuna aliyekwenda kumtembelea? Utakwenda lini?

Wewe kijana wa kiume, kuna mzigo ambao binti wa watu anaubeba peke yake na nusu yake ni yako?

Unajihesabu una thamani kwa sababu ya nini, na kitu hicho kikiondolewa kesho, utabaki nani?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyeinama chini wakati wengine wanakodoa macho, utufundishe kutazamana kama unavyotutazama. Utusamehe tuliohukumu haraka na kutembelea polepole. Uwalinde dada zetu wanaolea peke yao, na uwaguse moyo kaka zetu waliokimbia. Maria, Mama uliyebeba mimba iliyozua maneno ya watu, utuombee. Amina.

Mungu awabariki. Tukutane wiki ijayo.